Kadi ya njano haiishi muda baada ya miaka 10

Wasafiri wengi bado wanarudia chanjo ya homa ya manjano kwa kuwa kadi yao ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, imetimiza miaka 10. Hakuna haja. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Kimataifa za Afya, cheti kinadumu maisha yote, hata kadi ya zamani iliyoandikwa tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo usiikwangue wala kuisahihisha kwa kalamu: kadi iliyochezewa inaweza kukataliwa.

Kinachokwamisha watu ni siku 10 za mwanzo baada ya kuchanjwa, maana cheti hakitambuliki kabla hazijapita. Ukichanjwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, unaweza kuzuiwa mpakani. Kagua pia jina lilingane na pasipoti, namba ya bechi, sahihi na muhuri wa kituo.