Kisima cha chumvi hakiponi kwa kuongezwa kina

Ukanda wote wa pwani ya kusini mwa Tanzania, Msimbati hadi Kilwa, utasikia ushauri uleule: kisima kikitoa maji ya chumvi, chimba zaidi, chini kuna maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hata mafundi wazuri huuamini. Karibu na bahari, mara nyingi ni kinyume chake.

Mvua za masika huzama mchangani na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Ya bahari ni mazito zaidi: lita moja ya maji baridi ina gramu 1,000, ya bahari takriban 1,025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua yote. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu: maji yakishuka mita 1 kwa kuvutwa mfululizo, chumvi inaweza kupanda hadi mita 40. Hapo ndipo sabuni inapokataa kutoa povu kwenye beseni, na chai hainyweki.

Kwa hiyo ukionja chumvi, usiite mtambo wa kuchimba. Punguza kwanza saa za pampu, au sogea bara. Kibali cha kuchimba kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Tafadhali kifuate, kwani chumvi ikishaingia, mvua huchukua miaka mingi kuisukuma nje, na kisima cha jirani kinavuta maji hayohayo.