Simba wa Shanga: yanayosemwa na shaba yake, na yasiyosemwa

Kila ninapoeleza hapa Lamu kazi yangu ya kuchunguza metali za kale, huulizwa swali lile lile: simba wa Shanga ni wa Wahindi au ni wetu? Sanamu hiyo ya shaba iliyochanganywa na metali nyingine, inayoenea kiganjani, ilipatikana katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wakati wa uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980, katika tabaka la mnamo mwaka 1100. Mwaka 1988, Horton na mwenzake Blurton waliichapishia makala iliyolinganisha umbo lake na kazi za Kihindi. Ulinganisho huo naukubali, ila umbo hutuambia fundi alijifunza wapi, wala halitwambii aliketi wapi alipokuwa akiimimina.

Kwa sanamu ya namna hii, kipimo cha kwanza ni cha eksirei, ambayo huzichokoza atomi nazo zikatoa mionzi inayotofautisha shaba, bati, risasi na zinki. Kasoro yake ni kwamba husoma juu juu tu. Metali iliyokaa karne nyingi katika udongo wenye chumvi hupoteza shaba kwanza, huku bati likisalia, na kwa hiyo gamba lake huonyesha bati jingi kuliko lilivyo ndani. Ndiyo maana, ikiruhusiwa, hutobolewa tundu jembamba mno chini ya kitako: unga wa kwanza hutoka wa kijani, hutupwa, ukianza kutoka wa manjano unaometa, huo ndio wa kupimwa.

Risasi iliyomo ina ushahidi wa aina yake. Uwiano wa isotopu zake, yaani atomi za risasi zinazopishana kwa uzito tu (204, 206, 207 na 208), hutofautiana kutegemea umri na asili ya mwamba ilimochimbwa risasi hiyo. Hapo ndipo wengi huharakia kuhukumu. Sarafu za China za enzi ya Song, ambazo zimefukuliwa pia Unguja, zina risasi nyingi, mara nyingi kiasi cha sehemu moja kwa tano. Mhunzi wa Pate akiziyeyusha, isotopu zitataja China, hali China haikuwa na mkono wowote katika kuifinyanga sanamu. Tena vyuma chakavu vya nchi mbili vikichanganywa katika chungu kimoja, jibu litakuwa la wastani usiolingana na mgodi wowote.

Kwa maoni yangu, shahidi bora ni udongo. Sanamu nyingi huundwa kwanza kwa nta, ikafunikwa kwa udongo, kisha nta ikayeyushwa na metali ikamiminwa mahali pake. Iwapo ndani ya mwili au ndani ya mikunjo ya miguu kumesalia chembe ya udongo wa kalibu, ichunguzwe kwa darubini, kwa sababu metali husafirishwa kuuzwa, lakini hakuna aliyesafirisha udongo wa kalibu kuvuka bahari. Mkaa ukiwemo, hupimwa umri kwa kaboni. Shaba yenyewe haipimiki hivyo.

Na mwenye kuokota shaba ya kale ufukweni asiisugue kwa ndimu na majivu, kama tusuguavyo masinia ya sikukuu. Gamba likiondoka, chembe zote hizo huondoka nalo, na chumvi iliyobaki ndani, ikikutana na unyevu wa hewa yetu, huendelea kuila shaba hadi iwe unga.