Maana ya kodeki ya kunasia katika kuhamisha kanda za VHS

Kodeki ni utaratibu wa kubana picha na sauti ili zihifadhike katika nafasi ndogo, na wa kuzifungua tena wakati wa kutazama. Mtu wa Kampala au Mbale anayetaka kuiweka kanda ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya wazazi wake kwenye DVD hukutana nayo mara mbili: kwanza picha inapotoka kwenye deki na kuingia katika kompyuta, kisha inapochomwa kwenye diski. Hatua ya pili haina mjadala, maana DVD ya video hutumia kodeki ya MPEG-2, na kasi ya picha haivuki megabiti 9.8 kwa sekunde. Inayochaguliwa ni ile ya kwanza, nayo ndiyo huitwa kodeki ya kunasia.

Uchaguzi huo hutegemea kama picha zitahaririwa. MPEG-2 hubana matumizi ya nafasi kwa kuweka fremu (picha mojamoja za video) chache zilizo kamili, na nyingine zote ikaziandika kama tofauti tu kati yake na majirani zake. Kwa hiyo anayekata hotuba ndefu ya mjomba katikati ya fremu hizo tegemezi huilazimisha programu ibane upya, na kila ubanaji mpya hupunguza ubora. Katika kodeki ya DV kila fremu hujitegemea, ila saa moja huchukua takriban gigabaiti 13. Kodeki za HuffYUV na Lagarith hazipotezi chochote, lakini huweza kuhitaji zaidi ya gigabaiti 30 kwa saa, mzigo ambao diski kuu ya kompyuta ndogo ya nyumbani haiubebi kwa muda mrefu.

Asiyekusudia kuhariri anaweza kunasa moja kwa moja kwa MPEG-2, kwa vipimo vilevile vya DVD. Nisichokipendekeza hata kidogo ni kunasa kwa Xvid, kodeki inayobana sana, na kisha kugeuza kuwa MPEG-2: faili ndogo hufurahisha, lakini chengachenga za VHS hubanwa kwa nguvu mara mbili, na nyuso hubaki na vijisanduku.

Kanda zilizorekodiwa Uganda kwa kawaida ni za mfumo wa televisheni wa PAL, yaani fremu 25 kwa sekunde zenye ukubwa wa 720 kwa 576. Kanda iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huwa ya NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, hivyo mpangilio wa programu ubadilishwe kabla ya kuanza kunasa.