Postikadi ya kitambaa ni nini?

Wengi wakilisikia jina hili hufikiri ni kitambaa kidogo cha mezani kilichotiwa ndani ya bahasha. Sivyo. Ni postikadi kamili: mbele ina picha, nyuma ina salamu, anwani na stempu, nayo husafiri wazi, bila bahasha. Ila picha yake imedariziwa kwa mkono, na aliyeidarizi hakuiuza. Ameituma kwa mdarizi mwenzake, naye anangoja ya mwenzake ije: wanabadilishana.

Kwetu Moshi kudarizi si jambo geni. Tumelalia foronya zilizoandikwa "Usiku Mwema" kwa uzi mwekundu, na sebule nyingi zina vitambaa vyeupe vya makochi, kazi ya mama au shangazi. Sindano ni ileile, uzi ni uleule. Kinachobadilika ni eneo: sentimita 10 kwa 15 tu, na kila unachotaka kusema kiingie humo.

Kadi ina matabaka matatu. Juu ni kitambaa chenye picha, chini ni pamba nyeupe ya kuandikia, na katikati ni kile kitambaa kigumu ambacho mafundi cherehani huweka ndani ya kola ya shati. Hicho cha katikati ndicho kinachofanya kitambaa kiwe kadi. Kimoja hakitoshi, mimi huweka viwili, wakati mwingine vitatu. Andika anwani na salamu kabla ya kuunganisha matabaka, kwa kalamu ambayo wino wake hauchuji ukilowa maji, maana ukikosea herufi utabadilisha kipande cha nyuma tu na kazi ya mbele itabaki salama. Kisha pindo zote nne zinazungushiwa zigizaga iliyobanana ya cherehani, au mshono wa mkono kama wa tundu la kifungo.

Picha yenyewe ndipo raha ilipo. Uzi wa kudarizia, ule wa pamba unaouzwa kwa vifungu vidogo, kwa kawaida una nyuzi sita ndani yake, na unaweza kuzitenganisha. Nikidarizi Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, nachukua kipande cha kitenge cha buluu kiwe anga. Msitu wa chini naupa nyuzi tatu za kijani, mishono mifupi iliyosongamana, ili uonekane uko karibu. Theluji naipa uzi mmoja tu mweupe. Ukiutazama mlima kutoka mjini alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, utaona theluji haikuvika kilele chote, imeshuka kwa michirizi. Nyuzi tatu zingeifanya blanketi.

Dhana hii ina ndugu wa zamani. Postikadi ya kwanza rasmi ilitoka Austria-Hungary tarehe 1 Oktoba 1869. Katika vita vya 1914 hadi 1918, wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji walidarizi maua na bendera kwenye hariri nyepesi, vipande vikakatwa na kubandikwa kwenye kadi, na wanajeshi wa Uingereza wakazinunua kuzipeleka nyumbani. Lakini zile zilikuwa biashara, na nyingi zilifungwa ndani ya bahasha kwa sababu hariri ile ni laini mno.

Neno "kubadilishana" hapa lina uzito wake. Wawili wanakubaliana mada, tuseme mvua za masika, na tarehe ya kutuma. Kadi moja kwa kadi moja. Hakuna fedha, wala hakuna kuchagua utakachopewa. Sipendi watu wanaodai kuona picha ya kadi ya mwenzao kwanza ndipo waanze yao. Huko ni kununua.

Pale posta, karibu na mnara wa saa, naipeleka dirishani mwenyewe. Gundi ya stempu haishiki vizuri kwenye pamba, kwa hiyo naongeza gundi yangu. Halafu naomba:

"Shikamoo, mama. Naomba uigonge mhuri kwa mkono, ni ya kitambaa."

"Marahaba. Umeshona wewe hii?" Anaigeuza mara mbili kabla ya kuigonga.

Mhuri ule ukikaa juu ya pamba, wino unaingia ndani ya nyuzi na hautoki tena. Kwangu mimi, kadi ambayo haijapigwa mhuri bado ni kazi ya mikono tu.

Jambo moja nililijua kwa hasara: usishonee shanga. Niliwahi kutuma kahawa iliyoiva, punje zake nyekundu zote ni shanga za kioo. Rafiki yangu wa Tanga alipofungua sanduku lake la posta alikuta matawi na majani, na nyuzi zilizokatika. Siku hizi kahawa yangu naidarizi kwa fundo, uzi umezungushwa mara mbili kwenye sindano na kuvutwa taratibu, na punje zinafika zote.