Moto kwenye gereji ya nyumbani msimu wa mvua: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Ushauri mwingi kuhusu kupasha joto gereji ya nyumbani umeandikwa kwa ajili ya watu wa Kanada au Norwe, ambako theluji huganda mlangoni na chuma hakishikiki kwa mkono mtupu. Mwanza, hata usiku wa masika, joto hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na hilo halizuii kazi. Kinachoharibu kazi huku ni maji yaliyomo hewani. Hata hivyo mvua ikianza Oktoba, na tena Machi, majiko ya mkaa huingizwa gereji kukausha rangi ya gari na puti (ile ya kusawazishia mabonde ya bodi), na mlango hufungwa ili joto lisitoke. Tuanze na hilo, maana ndilo linaloondoa uhai wa watu.

"Mkaa ukishakolea hauna madhara, hatari ni moshi"

Mkaa mpya hutoa moshi kwa sababu una lami na unyevu. Vikishaungua, moshi hukatika, makaa huwa mekundu yenye majivu juu, na hapo ndipo watu huona jiko limekuwa salama kuingia ndani. Ukweli ni kinyume. Hewa ikiingia chini ya jiko, kaboni huungua na kuwa kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa ya moto hunyakua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mwilini hushika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba hewa ya kutosha.

Piga hesabu ya gereji ya mita 3 kwa 6 yenye dari ya mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 45. Ili gesi hiyo ifike asilimia 0.1 ya hewa, kiwango ambacho mtu mzima anaweza kuzimia ndani ya saa mbili, zinatosha lita 45. Kwa mwinuko wa Mwanza, wa mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, lita hizo hutokana na gramu 20 hivi tu za kaboni zilizoungua kwa namna hiyo. Jiko moja hubeba kilo nzima ya mkaa au zaidi.

Wapo wanaosema gesi hii hukaa chini, hivyo anayefanya kazi amesimama hana shida. Si kweli. Uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, hivyo husambaa chumba kizima, chini ya gari na juu kwenye kenchi. Barakoa nayo haisaidii. Ya kitambaa huzuia vumbi, na ile ya mpuliza rangi yenye chujio la mkaa hunasa mvuke wa thina (kiyeyusha rangi), lakini kaboni monoksaidi hupita zote mbili. Kadirisha kadogo juu ya mlango hakatoshi pia. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, pande mbili zinazotazamana.

Dalili huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Ni rahisi kudhani ni malaria au uchovu. Wawili waliomo gereji moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, usitafute sababu nyingine. Wote watoke, mlango ufunguliwe wote, jiko lizimwe baada ya hewa kupita, na aliyelegea apelekwe hospitali yenye oksijeni hata kama anasema amepona. Ukimkuta mtu ameanguka ndani, fungua milango kwanza, vuta pumzi nje, mburute atoke. Usipige magoti pale ndani kumuuliza maswali.

"Gari lipashwe moto dakika 15 asubuhi ya mvua, mlango umefungwa mvua isiingie"

Sumu ni ileile, chanzo ni kingine. Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida, na kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosti hakifanyi kazi mpaka kifike nyuzi 250 hadi 300 hivi. Dakika za mwanzo ndizo chafu zaidi, na gari lililong'olewa kifaa hicho ni chafu muda wote. Isitoshe, kwa hali ya hewa ya kwetu kupasha huko hakuna faida. Washa, subiri nusu dakika hadi dakika moja oili ipande, ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka mshale wa joto uinuke. Kuliacha gari likinguruma lilipo huingiza petroli isiyoungua kwenye oili na huacha maji ndani ya silensa, ambayo huiozesha kutoka ndani. Ukilazimika kuwasha injini wakati wa kutengeneza, sukuma gari mpaka ekzosti iwe nje ya mlango.

"Joto ndilo linalokausha, gesi ni safi kuliko mkaa"

Hapa wengi wanapoteza nguvu bure. Gesi ya kupikia ikiungua hutoa maji: kilo moja ya propani, iliyomo kwenye gesi hiyo, hutoa takriban kilo 1.6 za maji, yote yakiingia kwenye hewa uliyokuwa unataka kuikausha. Mafuta ya taa nayo hutoa maji. Ukuta na bodi ya gari, ambavyo vilipoa usiku, hupokea mvuke huo na kulowa. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 85 huanza kudondosha umande kwenye chochote chenye nyuzi 22 kushuka chini. Boneti iliyolala nje usiku wa mvua iko huko asubuhi. Kwa jicho inaonekana kavu. Pitisha kiganja utaona.

Hita za gereji za nchi za baridi, zile zilizofungwa vizuri, huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutupa moshi nje kwa bomba. Jiko la wazi katikati ya sakafu si kifaa hicho.

Feni inafaa zaidi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 haimalizi hata nusu uniti, wakati hita ya wati 1,500 kwa saa 3 hula uniti 4 na nusu. Weka feni upande mmoja ielekee nje, fungua upande wa pili. Kwa sehemu ndogo yenye puti, tumia taa ya joto ya umeme umbali wa sentimita 60 hadi 80, ipashe chuma chenyewe, na uondoe thina na petroli kwanza.

Kabla ya kupuliza rangi, pangusa eneo dogo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Lisipokauka ndani ya dakika 15, acha. Bodi iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua. Kwa kawaida hali hiyo hupatikana kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, si usiku. Usiku una tatizo jingine la ufukweni: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu hufuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi. Ukianza kuwatoa kwa kibanio, umeshaharibu koti zima.

Rangi ikigeuka nyeupe kama ukungu baada ya kupuliza, lawama huangukia kopo la rangi. Mara nyingi sababu ni thina ya haraka: ikivukiza hupoza uso wa bodi, umande unatua juu ya rangi. Tumia thina ya taratibu, na toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kila kazi, kwa kufungua kifungo cha chini mpaka itoke hewa tupu.

"Mvua ikizidi, ongeza hadena kwenye puti"

Puti hukauka kwa kemikali, yaani hadena inayoigumisha, na kipimo cha hadena ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito, yaani gramu 2 hadi 3 kwa kila gramu 100. Kwa joto la Mwanza inatosha. Baada ya dakika 20 au 30 unapiga msasa. Ukizidisha, inashika mkononi kabla hujaisambaza, inatoboka vitundu, na hadena iliyobaki hupenya kwenye rangi na kuacha doa la njano. Tena puti ni kama sifongo: usiipige msasa kwa maji. Maji yaliyonyonywa hutoka baadaye kama malengelenge, wiki kadhaa baada ya gari kukabidhiwa. Chuma kilichobaki wazi kipate praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) siku hiyohiyo, na kisishikwe kwa mikono yenye jasho.

"Upepo wa ziwa unaozesha gari kama wa bahari"

Ziwa Victoria ni maji baridi. Hewa yake haina chumvi ya Dar es Salaam au Tanga. Kutu ya hapa hutokana na unyevu na matope yaliyoganda ndani ya madgadi na chini ya milango, ambako tundu za kutolea maji zimeziba. Zizibue kwa waya, osha chini ya gari kwa maji ya shinikizo, acha likauke juani. Kwa gari lililotumika Japani, chungulia chini kabla ya kununua: kaskazini, kama Hokkaido, barabara hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha theluji, na kutu hiyo huja nayo.

Kuhusu shimo la kukagulia gari: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4 na hujaa humo, tayari kuwaka hata kwa cheche ya swichi. Usioshee vipuri kwa petroli ndani ya gereji. Maji ya mvua yakiingia shimoni, yapige pampu ukiwa umesimama nje, na usishushe taa ya umeme wa nyumbani humo.

Betri haiishi chaji kwa kuwekwa kwenye saruji. Kasha la plastiki halipitishi umeme. Huku kinachoiua ni joto na maji kupungua. Pima ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 imejaa, 12.0 imeisha. Wakati wa kuchaji hutoa haidrojeni, inayolipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, hivyo jiko lisiwe karibu.

Mafuta ya breki nayo hunywa maji kutoka hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka nyuzi 230 au zaidi; ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachoruhusiwa ni nyuzi 155. Nunua chupa ndogo, tumia, na iliyobaki wazi tangu msimu uliopita usiimimine kwenye gari litakaloteremka kutoka vilima vya Bugando au Isamilo.