Watatu kati ya watano si "60% ya watumiaji"

Wengi wakishajaribisha programu kwa watu 5 huandika kwenye ripoti: "60% ya watumiaji walikwama." Hesabu hiyo haisimami. Watatu kati ya watano, kwa uhakika wa 95%, huweza kuwa popote kati ya takriban 15% na 95% ya watumiaji wote. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, alipotetea kujaribisha kwa watu 5 mwaka 2000, lengo lilikuwa kugundua matatizo, si kuyapimia asilimia.

Tena, wingi si uzito. Tuseme wauzaji wa soko la Virunga, Goma, wanajaribu programu ya pesa kwenye simu. Wanne wanalalamikia rangi ya kitufe. Mmoja anataka kununua yuniti za simu za franka 500. Anaandika 500, kumbe kisanduku kiko kwenye dola, naye anabonyeza "Lipa" bila kusita. Kosa la huyo mmoja ndilo la kurekebishwa kwanza.

Kila tukio liandikie karatasi yake: mshiriki, hatua, alichofanya, alichosema. "Alichanganyikiwa" ni tafsiri yako. "Alirudi nyuma mara 3" ni ushahidi. Kisha kusanya karatasi kwa chanzo, si kwa skrini, maana kosa la sarafu hujitokeza kwenye skrini kadhaa na ukilihesabu upya kila mahali utalirekebisha vipandevipande. Kwenye ripoti andika "3 kati ya 5", basi.