Kubadili msimbo chanzo wa lugha ya programu maana yake nini?

Mtu akisema "nataka kubadili Python", mara nyingi ana maana ya programu aliyoiandika kwa Python. Hapa tunazungumzia jambo jingine: kuingia ndani ya programu inayoisoma na kuitekeleza Python yenyewe. Lugha ya programu nayo ni programu. Python inayotumika zaidi huitwa CPython, kwa sababu kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, na msimbo wake chanzo, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuupakua.

Tuseme unataka neno "kama" lifanye kazi ya "if", neno la kuweka sharti katika Python. Sarufi imo katika faili iitwayo python.gram. Ongeza "kama" kando ya "if", uzalishe upya kichanganuzi (sehemu inayosoma msimbo kwa kufuata sarufi), ukompaili (ugeuze msimbo wa C kuwa programu inayoendeshwa), na lugha itakuelewa. Ila ukithubutu kulifuta "if" kabisa, hata kukompaili hakutakamilika, maana sehemu kubwa ya maktaba ya Python imeandikwa kwa Python, nayo imejaa "if" tele.

Hata kuongeza tu kuna gharama. Programu yoyote iliyokwisha kutumia "kama" kuwa jina la kigeu (jina linalobeba thamani) itakataa kufanya kazi. Ndiyo sababu "match", amri ya kulinganisha thamani na ruwaza, iliyoingia katika toleo la 3.10 mwaka 2021, huhesabiwa kuwa neno la lugha pale tu inapoanzisha muundo wake. Kwingineko ni jina la kawaida.

Unapoomba msaada, basi, "nimebadili lugha, imegoma" haimsaidii mtu. Taja toleo: kichanganuzi kilibadilishwa katika 3.9, kwa hiyo maelekezo ya zamani yatakupoteza. Onyesha mistari uliyoigusa. Nakili hitilafu ya kwanza, maana zinazofuata aghalabu ni watoto wake. Eleza pia kama mambo yaliharibika wakati wa kukompaili au wa kuendesha.

Usikasirike ukiulizwa kwa nini unataka hivyo. Mara nyingi matokeo unayoyatafuta hupatikana kwa funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) ya mistari mitano, bila kuigusa C.

Kutaka badiliko lako liingie katika Python ya wote ni safari nyingine, yenye pendekezo la maandishi na mjadala. Alama ":=", inayokipa kigeu thamani katikati ya usemi, ilizua ubishi mkali kiasi kwamba Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, baada ya kuipitisha alijiuzulu uongozi wake Julai 2018.